Kumtunza Mpishi

Siku ile tulitoka Sur asubuhi, mimi na mama, tukirudi Nizwa. Vumbi jepesi lilikuwa limetanda njia nzima, milima ikawa kama imechorwa juu ya maji. Mama alisinzia, akaamka, akasinzia tena. Siku hizi akiamka hukaa kidogo hajui yuko wapi. Mara hudhani yuko Ibra, mara Unguja alikozaliwa.

Tulipofika Ibra, katikati ya njia, tukaingia mkahawani kula. Wali ulikuwa wa mbuzi, una harufu ya karafuu na ndimu kavu. Mama alikula macho kayafumba. Kisha akauliza, "Nani kapika?"

"Mpishi, mama. Yuko ndani."

Nikamwita mhudumu nikampa bakshishi kama mama alivyonifundisha: kwa mkono wa kulia, bila ya kuonyesha watu. Alishukuru, akaenda kuitia katika sanduku la kioo pale kaunta. Nikamuuliza kwa Kiarabu hugawana vipi. Akasema polepole, "Ni yetu sisi tunaopeleka sahani tu. Jikoni hawapati."

Mama alisikia. Akanyanyuka, akatoa noti mkobani, akaishika juu kwa vidole viwili, na huku akiimba kwa sauti ya ndani akaelekea jikoni kwa madaha, bega hili, bega lile. Niliujua mwendo ule. Ndivyo wanawake wa kwao Unguja walivyokwenda kumtunza mwimbaji wa taarabu harusini.

"Ummi, bakshishi hutiwa sandukuni," alisema mwenye mkahawa, aliyekaa kaunta.

"Kwani sanduku ndilo lililopika?" mama akamjibu, wala hakusimama.

Niliona haya, nikamfuata. Mpishi, mtu mzima wa Bangladesh, alitokeza mlangoni mikono imejaa unga. Hakuweza kupokea. Mama akamzunguka, akamtilia noti katika mfuko wa shati, akapiga kigelegele. Watu wote wakageuka. Halafu bibi mmoja aliyekaa na wajukuu wake akainuka naye, akaja akatunza. Akaja na mwengine. Mpishi alicheka hata akajifuta macho kwa mkono, unga ukamganda shavuni.

Mwenye mkahawa alitazama mpaka mwisho. Tulipokuwa tunatoka nilimsikia akimwambia mhudumu kuwa kuanzia leo jikoni nao wamo katika mgao.

Garini mama akaniuliza, "Bibi harusi mtoto wa nani?"

"Simjui, mama."

"Haidhuru. Wametukirimu." Akaegemeza kichwa dirishani, akalala mpaka Nizwa.