Jino la Juu

Mwanangu wa kwanza aliota jino la juu kabla ya la chini. Kwetu huku milimani mtoto wa hivyo wanamwita kigego, eti anamaliza ukoo. Jino lenyewe dogo, kama punje ya mchele. Nikawa namkataza kucheka. Watu wakija namgeuzia kifuani, namnyonyesha hata kama ameshiba.

Aliyeliona ni shangazi yangu, namtaja wala siogopi. Alimtekenya mtoto, mtoto akacheka.

"We! Umetuletea nini humu ndani?"

"Jino tu, shangazi."

"Jino tu! Na kaburi ni shimo tu?"

Akaenda mbio kwa mjomba, kaka wa mama, maana kwetu mjomba ndiye mwenye ukoo. Wiki ileile mtoto akashikwa na homa. Nikambeba niteremke naye zahanati. Mjomba akanikuta kwenye migomba.

"Unampeleka wapi? Kigego hatibiwi. Ukimponya huyo, utatuzika sisi."

Nilikuwa msichana wa darasa la nne, nimeishia hapo. Nikasema, "Sawa, mjomba." Nikageuka. Maneno yalikuwa yake, lakini miguu iliyorudi ni yangu.

Siku ya tatu akafa. Mjomba akakataza kilio. Nililia huku nimeing'ata kanga.

Tangu siku hiyo mjomba sijampa shikamoo. Ndugu zangu wananisema, "Dada, yule mzee, utapata laana." Nawajibu laana nilishaizika.

Mwaka huu binti wa mdogo wangu alipanda kutoka Kihonda mjini, amekuja kwenye msiba wa ukoo na mtoto wake mgongoni. Meno mawili, yote ya juu. Nikaona anamfunika uso kwa kanga. Nikaijua ile kanga, nami niliwahi kuficha. Nikamwambia, "Nipe huyo."

Ukoo mzima umekaa mkekani. Nikampakata mtoto mbele ya mjomba, nikamtekenya. Akacheka mdomo wazi. Shangazi akainuka akaenda zake jikoni.

"Huyu anapelekwa kliniki kila mwezi," nikasema. "Haya, mjomba, sema tena kama siku ile."

Mjomba, mzee sasa, akachorachora chini kwa fimbo yake.

"Hata shikamoo hunipi," akasema.

"Shikamoo yako aliondoka nayo mwanangu."

 Mtoto alikuwa bado anacheka, mate yanamtiririka. Wangu nilimkataza.