Chai Iliyopoa

Mimi Dorkas nina wivu, na sioni haya kusema. Mume wangu, Anderson, anaweza kunywa chai ikiwa imetoka motoni sasa hivi, gluu gluu, bila kupuliza. Wenzake wanamwita Koo la Chuma. Huku kwetu milimani, Mamba Miamba, asubuhi ni baridi, chai ni ya tangawizi, na mwanaume akionekana anapuliza kikombe atachekwa mpaka jioni. Hayo yangekuwa mambo yake. Shida ni kwamba chai hiyo alikuwa anakwenda kuinywa kwa Fortunata.

Fortunata ni mjane, ana kibanda cha chai njia panda, pale magari yanapopakia tangawizi. Ana mwanya na anajua kucheka. Kila asubuhi Anderson anapita kwake kabla ya kwenda shamba. Nikamuuliza, "Kwangu hakuna chai?" Akanijibu, "Mama Tumaini, ya kwako imepoa."

Imepoa! Miaka ishirini na miwili, mchungaji ametufungisha ndoa mbele ya usharika mzima, leo chai yangu imepoa!

Nikasema, haya, tutaona. Nikawa namimina chai ikitokota, na kikombe cha bati nakipasha moto kwanza. Anakunywa, jasho linamtoka, anasema, "Hapo sasa!" Nikajiona nimeshinda. Lakini wapi! Akishakunywa yangu, anakwenda kuongezea ya Fortunata.

Siku moja yule mwanamke akaja nyumbani kwangu. Kwangu mimi! Akasema, "Dada, shemeji siku hizi hamalizi andazi. Analichovya mpaka linalainika, akimeza anajishika hapa," akagusa kifua. "Mpeleke akapimwe." Shemeji wa wapi? Nani kamwoza? Sikumpa hata kiti. Kilichonichoma zaidi ni kwamba yeye ameona, mimi sijaona. Kwangu Anderson alikuwa anasukumia kila tonge kwa maji, na mimi nikidhani ni kiu.

Tulishuka hospitali ya Same, wakatuandikia barua ya kwenda hospitali ya Moshi. Kule wakampitishia mpira wenye kamera mdomoni mpaka tumboni, wakakata vinyama vidogo vya kupima. Majibu yalipotoka, Daktari Husna akatuchorea kwenye karatasi.

"Hili ni umio, njia ya chakula," akasema. "Utando wake wa ndani umeanza kubadilika. Hii si saratani, baba. Ni hatua iliyo kabla yake. Kwa wengine hubaki hapo hapo, kwa wengine hurudi nyuma, kwa wengine huendelea mpaka ikawa saratani. Wewe uko kundi gani hatujui, ndiyo maana lazima urudi baada ya miezi sita. Tukiona inaendelea, tunaweza kuiondoa mapema."

Nikauliza imesababishwa na nini. Akasema hawezi kutaja kitu kimoja, ila chai ya moto sana, ikiunguza pale pale kila siku kwa miaka, inachangia. Niliinama. Hata Anderson hakunitazama.

Miezi sita ikafika, bwana mkubwa akagoma. "Siumwi. Chakula kinapita. Kumpima mtu mzima ni kumtafutia ugonjwa." Nilibembeleza, nikafoka, nikamwita mchungaji. Anderson akamsikiliza mchungaji vizuri sana, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akasema haendi.

Wiki tatu zikapita hivyo. Mwisho nikajifunga kanga, nikateremka njia panda. Fortunata alikuwa anakanda unga. "Karibu dada," akasema.

"Sijaja kunywa. Anderson anakusikiliza wewe. Mwambie arudi Moshi. Na nikisikia umempa chai ya moto, nitakumwagia sufuria zima!"

Hakucheka. "Tangu mtoke Moshi nampa iliyopoa, dada. Ananinunia kila siku."

Nilikuwa nimekuja na matusi yangu tayari, nikarudi nayo nyumbani.

Kesho yake jioni Anderson akasema, "Jumatatu tunakwenda." Basi! Kwa neno la yule mwanamke. Nilimshukuru Mungu kwa machozi, na roho iliniuma vilevile, siwezi kudanganya.

Tukiwa ndani ya basi, tumeshaipita Same, nikashindwa kuvumilia. "Mimi nimekulilia wiki tatu ukanikatalia. Yeye amekupa nini?"

Anderson aliitazama mikono yake. "Kwake nilisema kwamba naogopa," akasema.

"Na mimi je? Mimi hunioni? Kwa nini usiniambie mimi?"

"Fortunata nikifa atapata mteja mwingine." Akageukia dirishani. "Wewe ningekuambiaje?"

Niliushika mkono wake mbele za watu, na sikuuachia mpaka tukafika Moshi.