Shikamoo Iliyofumua Waya

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya Manyoni ambayo nikiikumbuka, hadi leo naona haya na kustaajabu kwa pamoja. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, na kaka yangu akamnunulia baba feni ya mezani. Baba alikuwa mstaafu wa reli, moyo wake umevimba, na joto la Oktoba lilimkaba hadi akawa halali. Feni ile ndiyo iliyomrudishia usingizi. Siku mota yake ilipoungua, niliogopa kwamba nikichelewa nitamzika.

Niliipeleka kwa Mzee Masaka, fundi aliyefanyia kazi barazani kwake, njia ya stesheni. Akaikagua, akasema mota itasukwa upya, yaani izungushiwe waya mpya, nije Jumamosi.

Jumamosi nikaambiwa bado. Jumatatu bado. Wiki ya tatu bado, na baba nyumbani anapepewa kwa kipande cha boksi. Nami kila asubuhi nilipita pale, maana niliamini fundi asipofuatwafuatwa hafanyi kazi. Namkuta kainamia waya wake mwembamba, midomo inacheza. Nilivyolelewa, sikuweza kusimama mbele ya mzee bila kumwamkia. Akikawia kuitika, narudia kwa sauti. Anaitika, anamuulizia baba, kisha anashusha pumzi.

Asubuhi ile ninayokusimulia, hakuitika hata mara ya pili. Nikapandwa na hasira. Usinione nimepoa hivi, zamani nilikuwa na mdomo.

"Mzee, au hata kuitikia salamu siku hizi ni mpaka Jumamosi?"

Akainua uso taratibu. "Marahaba, mwanangu. Baba ameamkaje?" Nilipomjibu, akaanza kuufumua waya aliokuwa akiuzungusha.

Mkewe alikuwa kando akimenya karanga. Akanivuta mkono. "Binti, anahesabu. Kila koili ya waya ina mizunguko mamia, na isipolingana mota itaungua tena. Mkimwamkia hesabu inapotea, anaanza upya. Wewe asubuhi, wenzako kutwa nzima wakienda stesheni."

Wiki tatu nilikuwa namcheleweshea baba yangu pumzi kwa kinywa changu mwenyewe! "Mzee, mbona hukuniambia ninyamaze?"

"Mtoto wa watu ananiletea heshima, nimfukuze nayo?" akasema bila kinyongo. "Waya utasukwa tena."

Nikaenda kukaa njiani, hatua chache kabla ya baraza. Kila aliyekuja nilimwamkia mimi, nikamwomba apite kimya. Kutwa nilivitazama vidole vile vya uzee vikilaza waya, mzunguko juu ya mzunguko, bila pupa, na mwili ukanisisimka kama niko ibadani. Alasiri feni ikazunguka. Ndipo nikapiga goti. "Shikamoo, mzee."

Akacheka. "Marahaba. Hii imenifika."

Nyumbani, baba alisinzia mbele ya upepo ule hata chai yake haijapoa. Nililia kwa furaha.

Basi mwanangu, heshima si maneno peke yake. Ukimkuta mtu yumo ndani ya kazi yake, mngoje. Kungoja kwako ndiko kumwamkia. Na kitu kikichelewa, kabla hujamlaumu fundi, jiulize wewe umemkatiza mara ngapi. Mungu akujalie mikono isiyo na pupa, na siku yako ya kuhesabu ikifika, akupe mtu wa kukukalia njiani.