Sista wa Mlangoni

Shangazi yangu ni sista wa mlangoni. Katika jumuiya yao ya Kianglikana kila mmoja ana kazi yake: huyu anapika, yule anafua, mwingine anawafunga vidonda wanaolala barazani mwa maduka. Shangazi anafungua mlango. Unaweza kudhani ni kazi nyepesi. Lakini masista wa kwanza, walipopanga ghala la zamani la ngozi nyuma ya soko wakati kipindupindu kinamaliza watu, waliweka kanuni hata kabla ya kupata vitanda: mlango ufunguliwe kabla mtu hajabisha mara ya pili. Waliamini kwamba mwenye shida akishabisha mara moja bila kujibiwa, huona haya na kuondoka.

Shangazi aliishika kanuni hiyo tangu ujana. Aliacha tonge mkononi, aliacha sala katikati. Baba, ambaye ni kaka yake, humtania: "Dada, siku ya mwisho malaika wakipiga baragumu, wewe utakimbilia mlangoni."

Kisha masikio yakaanza kumsaliti. Hakumwambia mtu. Alisogeza kiti, akawa anaegemeza mgongo kwenye mbao za mlango ili ausikie mtikisiko wa kubisha kwa mifupa. Kuondolewa pale, kwake, kulikuwa sawa na kufukuzwa nyumbani.

Asubuhi moja aliinuka kunywa maji. Mama mmoja akaja na mtoto mwenye homa, akabisha, akabisha tena, kisha akaondoka kwa miguu kutafuta zahanati. Kesho yake mtoto alikuwa na nafuu. Mama akarudi na hasira zake.

"Nimegonga mpaka vidole vikaniuma. Nikakuona dirishani umenipa mgongo. Sista, si ungesema tu hamtaki watu?"

Shangazi alimtazama midomo hadi akamaliza. "Sikukusikia, mwanangu. Sisikii tena."

Masista waliokuwa wakipita na ndoo wakasimama. Hivyo ndivyo nyumba nzima ilivyojua.

Jioni wakakaa kikao. Mmoja alipendekeza iwekwe kengele ya umeme inayowasha taa ikibonyezwa. Akaulizwa umeme ukikatika itakuwaje. Sista wa jikoni alisema, "Aje kwangu achambue mchele, macho anayo." Shangazi alisema atatii, huku amekunja mikono mapajani kama mgeni.

Mama Mkuu akawageukia wote. "Mchana mlango tunamfungia nani?" akauliza.

"Wezi," alisema sista wa jikoni.

"Waibe nini, sufuria zako zilizotoboka?"

Tangu hapo mlango hukaa wazi mpaka jua lizame, na Shangazi ameketi kizingitini akitazama barabara. Si wote wanaofurahia. Kuku wa jirani huingia hadi kanisani, na mlevi mmoja aliwahi kukoroma kwenye benchi la mbele sala nzima.

Nilipomtembelea, Shangazi alinionyesha kitu ambacho masikio yake hayakuwahi kumwambia. Watu hufika karibu, husimama ukutani, huweka sawa nguo zao, kisha hugeuka bila kubisha.

"Kumbe walikuwepo miaka yote," alisema kwa sauti kubwa ya asiyejisikia. "Na mimi najisifu kwamba nawahi."

Mara akainuka. Ng'ambo, karibu na muuza mkaa, alisimama mwanamume ameshika viatu mkononi, anaangalia chini. Shangazi aliniacha kizingitini, akavuka barabara.