Usaili wa Nafasi Iliyokwisha Kutolewa

Nilikuwa afisa utumishi katika kampuni ya maua ya familia moja ya Kikolombia, katika eneo huru la biashara la uwanja wa ndege wa Dubai. Baba ndiye mkurugenzi, mama ameshika fedha, binti mauzo. Sisi wengine, Wafilipino, Wahindi, Waafrika, tulikuwa watu wa kazi.

Meneja wa ghala alipoacha kazi, baba aliniita. Nafasi ameshampa mchumba wa bintiye, atafika kutoka Bogotá mwezi ujao.

"Lakini fanya usaili wa watu watatu," aliniambia. "Mteja wetu mkubwa anataka kuona tunaajiri kwa haki. Weka mafaili."

"Sawa, sir."

Wa kwanza niliyemweka kwenye orodha alikuwa msimamizi wa chumba cha baridi, Mkenya aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya waridi Naivasha. Akishika shina tu alijua ua litadumu siku ngapi. Nilimpelekea fomu.

"Dada, hii ni ya ukweli ama mnanipima tu?"

"Jitayarishe vizuri, kaka," nikamjibu. Nilijiambia kwamba hapo sijadanganya.

Alikuja amevaa koti la kuazima, mikono imempita. Alileta mchoro wa chumba cha baridi aliochora mwenyewe, kuonyesha namna ya kupanga rafu ili maua yanayofika na ndege ya alfajiri yasikae sakafuni. Baba alimuuliza maswali mawili, kisha akachukua simu yake. Nilimpa alama za juu. Baba akanirudishia karatasi.

"Punguza."

Nikapunguza.

Mchumba alipofika, Mkenya yule ndiye aliyeamriwa kumfundisha kazi. Wiki ya pili rafu zilipangwa upya, sawasawa na ule mchoro, na baba akampongeza mkwe mbele yetu sote. Mchana ule Mkenya akaja mezani kwangu.

"Ulikuwa unajua?"

Nilitazama kompyuta.

"Nilimwambia mke wangu. Hata kanisani wakaniombea." Sauti hakuipandisha. "Ungeniambia tu, dada. Ningekuja bila koti la mtu."

Mkataba wake ulipoisha hakuuhuisha. Siku ya mwisho aliaga kila mtu ghalani, mlangoni kwangu akapita bila kusimama.

Mimi nilibaki miaka miwili zaidi. Nilifanya usaili mwingine wa namna ile mara mbili, na hakuna aliyelazimika kuniambia nipunguze.