Makofi ya Kupokea Wageni

Ngitili yetu ni msitu wa malisho. Masika tunaufunga nyasi zikue, kiangazi kikikaza tunawafungulia ng'ombe. Mwaka ule mvua ilipokatika mapema, ng'ombe wa mama alianguka uani tukamwinua kwa miti, watu wanne. Ngitili ndiyo iliyomponya.

Kwa hiyo wageni walipokuja kwenye mkutano wa kijiji na ramani ya hoteli ya mahema humo humo ngitilini, niliwaza kwanza ng'ombe watalisha wapi. Hoteli rafiki wa mazingira, walisema. Umeme wa jua, hakuna mti utakaokatwa, watalii wanataka ndege na utulivu. Mazingira siku hizi yana marafiki wengi, na kila mmoja anataka ng'ombe wetu waondoke.

Mwenyekiti wa kijiji akatuomba tuwapigie wageni makofi. Tukapiga. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa, hata mgeni akija na neno chungu.

Ofisa wa serikali waliyekuja naye akamgeukia karani. "Andika, mkutano umeridhia."

Nilidhani watu watanguruma. Lakini wapi. Kila mtu aliogopa, nami niliogopa kuliko wote, maana anayesema hukumbukwa. Siku ng'ombe wake akivuka mpaka wa malisho, wa kwanza kukamatwa ni yeye.

Mama alinigusa kiwiko, akaninong'oneza kwa Kisukuma. "Simama wewe. Kiswahili changu ni cha sokoni."

Nikasimama. Nikashika bega lake.

"Shikamoo mwenyekiti. Yale yalikuwa makofi ya kupokea wageni. Kuhusu ngitili hatujaulizwa, na hatujajibu."

Ofisa akawageukia watu. "Haya. Wanaosema kama huyu dada, nyoosheni mikono."

Mkono wa mama ulipanda. Nikageuka kuwatafuta wengine, wale wale waliokuwa wakilia nami kisimani kwamba tutakwisha. Wanaume walitazama viatu vyao. Wanawake walifunga mikono ndani ya kanga.

Mwenyekiti, naye akikwepa macho yangu, alisema suala litarudishwa mkutano ujao. Makofi yakafutwa kwenye karatasi. Ilipasa nifurahi.

Ofisa akafungua kalamu yake mwenyewe, akaniuliza jina. Kabla sijatamka, majirani wale wale wakamtajia, langu na la marehemu baba, kisha wakamwelekeza hadi mlangoni petu.