Uani kwa Bi Hajira

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumapili. Bushiri Shomari anapita kati ya watu kumi na mmoja waliosimama Mnazi Mmoja, anawakagua miguu. Mwenye ndala anaambiwa akabadilishe.

"Leo tunazunguka?" anauliza Trupti, mfamasia wa Kisutu asiyekosa matembezi haya.

"Tunaenda na kurudi njia ileile, dada," anajibu Bushiri, macho chini.

Siku sita za wiki, baba huyu wa miaka 43 anauza raba za mitumba Mchikichini. Jumapili huwavusha watu wa mjini kwa pantoni kutoka Magogoni hadi Kigamboni, shilingi elfu kumi kwa kichwa, wakatembee mashambani. Zamani njia ilikuwa mduara: unapita kwenye mikorosho, unapanda kilima taratibu, bahari yote unaiona, kisha unashukia uani kwa Mzee Idrisa, mwenye shamba, na kutokea ulikoanzia. Hata mwenye presha aliimaliza.

Njia hiyo alipewa na mzee mwenyewe, kwa sharti moja tu. Kabla ya kundi kupita, Bushiri atangulie peke yake apige hodi. Miaka mitatu akapiga.

Karibu miezi minne iliyopita, baada ya wiki mbili za kutokwenda, akapata watu ishirini na saba kwa mpigo. Wakachelewa. Spika inalia, watu wanacheka, wanapigana picha.

"Nikasema leo tupite tu, mzee hana neno," anasimulia. Tamaa hiyo, jamani. Angepiga hodi angeambiwa.

Mzee Idrisa alikuwa amezikwa siku tisa kabla. Mjane wake, Bi Hajira, alikuwa amekaa uani, yumo edani, ile miezi minne na siku kumi ya mjane kujitenga, na kundi zima likamtokea pale alipo na nguo zake nyeupe.

"Alijifunika uso akaingia ndani. Bora angenitukana," anasema Bushiri. "Hawa wageni wana udhuru. Mimi nimemwona mama yangu akikaa eda. Sina udhuru wowote."

Trupti naye hajasahau. "Spika niliibeba mimi," anasema. "Nilijiona mjinga kabisa."

Jumapili iliyofuata njia ilikuwa imezibwa kwa matawi ya miba. Wateja wamepungua zaidi ya nusu, lakini si hilo linalomkosesha Bushiri usingizi. Kinachomuuma ni kwamba hata kuomba radhi hakuweza, maana mwanamke wa eda humwendei na mambo yako. Amebaki kuhesabu siku.

Eda inaisha Jumatano hii. Alhamisi hatafungua meza yake sokoni. Atavuka peke yake, amevaa kanzu. Je, ataomba njia ifunguliwe?

Anatikisa kichwa. "Njia sitaitaja. Nitapiga hodi mara tatu. Nikiitikiwa, nitatoa pole ya mzee, niombe radhi. Nisipoitikiwa, nitarudi Alhamisi nyingine."